Kiu ya Chatu Anayefugwa

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye wanasayansi humwita Python regius, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani huko Marekani na Ulaya, kwa sababu ni mpole, kwa kawaida hafikii mita 2, na akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati ya mwili wake badala ya kuuma. Si yule chatu mkubwa wa Afrika Mashariki awezaye kummeza swala, ingawa makazi yake ya asili huanzia Senegal na kufika hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wafugaji wengi humwekea bakuli la maji safi na kuamini kwamba haja yake ya maji imetimizwa, ilhali bakuli ni sehemu tu ya jambo, na pengine si sehemu kubwa.

Mwili wa nyoka hupoteza maji kwa ngozi, kwa pumzi na kwa choo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba magamba ndiyo yanayozuia maji yasitoke, mpaka mwaka 1972 watafiti Licht na Bennett walipompima nyoka aliyezaliwa bila magamba na kukuta kwamba hapotezi maji zaidi ya wenzake. Baadaye ilidhihirika kwamba kizuizi chenyewe ni tabaka jembamba la mafuta lililomo ndani ya ngozi, na kizuizi hicho hupunguza tu upotevu wa maji, hakiukomeshi. Porini chatu huyu hujifidia kwa kukaa mchana kutwa katika mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, ambamo hewa hubaki na unyevu hata katika miezi ambayo upepo mkavu wa harmatani huvuma juu ya Ghana, Togo na Benin. Anapohamishiwa katika kizimba cha kioo chenye kifuniko cha wavu, ndani ya nyumba inayopashwa joto kwa mitambo wakati wa baridi, kimbilio hilo hutoweka, na hewa humnyonya maji usiku na mchana hata kama bakuli limejaa.

Wapo wanaojifariji kwamba panya anayeliwa ana maji ya kutosha, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Hoja hiyo inavutia, lakini haina nguvu. Mwaka 2019 Murphy na DeNardo walichapisha utafiti juu ya nyoka wa Marekani wenye njuga mkiani, ukionyesha kwamba kula hakukuboresha hali ya maji mwilini mwa nyoka waliokuwa wamekauka. Sababu mojawapo inaeleweka kirahisi: protini inaposagwa huacha takataka ya naitrojeni, ambayo nyoka huitoa kwa umbo la asidi ya yuriki, na figo huhitaji maji ili kuisafirisha. Maji yakipungua, asidi hiyo huganda kama fuwele ndani ya figo na kwenye viungo, na ndio ugonjwa wa jongo, ambao kwa nyoka mara nyingi hugunduliwa wakati figo zimekwisha kuharibika. Kumlisha nyoka aliyekauka, kwa hiyo, ni kumwongezea mzigo. Hunyweshwa kwanza, kisha hulishwa.

Unyevu wa hewa unaomfaa chatu huyu ni kati ya asilimia 55 na 70, nao hupimwa kwa haigromita iliyowekwa karibu na sakafu anapolala, si juu ya ukuta wa kizimba. Kosa la pili, lililo baya kama lile la kuiacha hewa ikauke, ni kumwaga maji kila mahali, kwa maana matandiko yanayolowa bila kukauka huleta malengelenge tumboni, na hewa nzito, tena baridi, huleta nimonia, ambayo dalili zake ni kuhema kwa mdomo wazi na povu puani. Njia bora ni kuiga shimo la panya: kisanduku kilichofungwa chenye tundu moja la kuingilia, ndani yake makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, kiwekwe upande wenye uvuguvugu, huku sehemu nyingine ya kizimba ikiachwa kavu kiasi na yenye hewa inayopita. Nyoka atachagua mwenyewe, na chaguo lake ni la kuaminika kuliko ratiba ya mfugaji. Joto la nyuzi 31 hadi 33 upande mmoja na 25 hadi 27 upande wa pili hulindwa kwa thamostati.

Kipimo kilicho wazi kuliko vyote ni kujivua gamba. Siku kadhaa kabla, macho ya nyoka hugeuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, kwani majimaji hujitenga kati ya ngozi kuukuu na mpya, kisha macho hung'aa tena, na hatimaye gamba hutoka zima kuanzia puani, likiwa limepinduka ndani nje, pamoja na vigamba viwili vya mviringo vilivyofunika macho. Gamba linalotoka vipande vipande ni ushahidi wa hewa kavu. Kipande kinachobaki kwenye ncha ya mkia huweza kubana damu mpaka ncha ikafa, na kigamba cha jicho hakibanduliwi kwa koleo; huachiwa daktari wa wanyama.

Dalili nyingine za upungufu wa maji mwilini ni mikunjo ya ngozi isiyonyooka, macho yaliyobonyea, ute unaonata kinywani, na donge la mkojo, ambalo kwa nyoka mzima ni jeupe na laini, kuwa gumu lenye rangi ya chungwa. Nyoka mwenye dalili hizo huogeshwa katika maji vuguvugu yasiyofika mgongoni, chini ya uangalizi; kamwe asimiminiwe maji mdomoni, kwa kuwa tundu la pumzi liko sakafuni mwa kinywa, mbele, na maji huingia pafuni moja kwa moja. Asipopata nafuu, daktari humdunga maji chini ya ngozi. Bakuli lenyewe, ambalo nyoka hujisaidia ndani yake mara kwa mara, huoshwa kila linapochafuka, mbali na sinki la jikoni, kwa sababu reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua.