Kidhibiti mwendo si kishikilia mwendo: Jina la kifaa ni nusu ya matengenezo

KATIKA Kiswahili cha barabarani nchini Kenya, istilahi ‘kidhibiti mwendo’ imebebeshwa mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni kile kifaa cha matatu na mabasi kilichotiliwa mkazo na kanuni za mwaka wa 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, ili gari la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa. Utingo na dereva wanakiita ‘gavana’. Mzigo wa pili ni ule mtambo wa magari ya kibinafsi unaomruhusu dereva kutoa mguu kwenye mafuta na gari likaendelea kwa kasi ileile aliyoichagua. Mafundi wanauita ‘kruzi’.

Vifaa hivi havifanyi kazi moja. Gavana humkataza dereva kuvuka mpaka. Kruzi humsaidia kubaki pale anapotaka, na haimzuii kukanyaga mafuta akaenda kasi zaidi. Anayedhani gari lake lina kinga ya mwendo kwa sababu tu lina kruzi amepotoshwa na jina.

Madhara ya kuchanganya majina haya niliyashuhudia hapa Kona ya Musa, nikisubiri kuzibiwa pancha. Bwana mmoja alifika gereji akasema, “Fundi, kidhibiti mwendo kimekufa.” Fundi, aliyezoea matatu za Likoni na Lunga Lunga, akashangaa.

“Gari yako ya nyumbani hii, mzee. Gavana itoke wapi?”

“Si gavana, bwanangu! Ile ya kubonyeza kwenye usukani. Nikitoa mguu, gari yaenda yenyewe.”

“Aa, kruzi! Si ungesema. Haya, kanyaga breki… sasa toa mguu.”

Kijana aliyesimama nyuma ya gari akapaza sauti: “Taa haizimi!”

Ugonjwa ulikuwa umepatikana, na spana haijaguswa. Juu ya kikanyagio cha breki pana swichi ndogo. Ndiyo huwasha taa za nyuma, na ndiyo huiarifu kompyuta ya gari kwamba dereva anapunguza mwendo. Kruzi imeundwa iachie papo hapo breki inapoguswa. Swichi ikikwama, kompyuta huamini kwamba breki imekanyagwa muda wote, nayo kruzi hukataa kushika. Swichi ikiacha kufanya kazi kabisa, taa za breki haziwaki, na anayekufuata hajui unasimama. Kwa hivyo kruzi iliyokataa si jambo la kupuuzwa na mtu asemaye, “Aa, mimi siitumii.” Huenda inakuonya kuhusu breki.

Ukiisikiliza lugha ya mafundi vizuri, utagundua kwamba utambuzi wao unategemea kitenzi. Kruzi ‘haiwaki’, yaani taa yake haionekani kwenye dashibodi: anza na fyuzi na kitufe chenyewe. Ikiwa honi na vitufe vingine vya usukani vimezimika pamoja nayo, shuku utepe wa nyaya uliojiviringisha ndani ya usukani. Hapo usijaribu mwenyewe, kwa sababu mto wa hewa wa kumkinga dereva umekaa papo hapo na unaweza kufyatuka.

Kruzi ‘inawaka lakini haishiki’: tazama taa za breki, kisha uangalie kama taa ya injini au ya ABS imewaka. Magari mengi huizima kruzi kompyuta inapoona hitilafu kwingine, kwa mfano sensa ya kasi ya gurudumu iliyoharibika, hadi gari lisomwe kwa mashine. Kumbuka pia kwamba mengi hayaikubali kruzi chini ya kilomita 40 hivi kwa saa. Ikikataa katika msongamano wa Ukunda, haijaharibika.

Kruzi ‘inashika kisha inaachia’: aghalabu ni waya uliolegea, au swichi ya breki inayocheza gari linapopita kwenye matuta. Katika magari mapya yanayopima umbali wa gari lililo mbele, matope juu ya rada au kamera pia hutosha kuizima.

Kitenzi cha kuogopesha ni ‘haiachii’. Likikupata hilo, kanyaga breki kwa nguvu na usiachie, weka gia huru, kisha uelekee kando ya barabara. Usizime injini gari likiwa bado mwendoni, kwani usukani na breki vitakuwa vizito. Ukishasimama, zima, na usiendeshe tena hadi fundi alikague.

Basi mtambo huu tuuiteje? Napendekeza ‘kishikilia mwendo’. Kitenzi ‘dhibiti’ kina maana ya kuzuia na kutia chini ya mamlaka, hivyo kinamfaa gavana. ‘Shikilia’ kimetokana na ‘shika’, kikarefushwa kama ‘enda’ kilivyozaa ‘endelea’, na ‘penda’ kikazaa ‘pendelea’. Urefushaji huo huleta dhana ya kudumu katika tendo, na kudumisha ndiyo kazi yote ya kruzi. Umbo lake pia si geni: tayari tuna ‘kipaza sauti’ na ‘kinasa sauti’.

Wala simkatazi fundi kusema ‘kruzi’. Kiswahili kimepokea breki, gia na gereji bila kudhoofika. Hata ‘kona’, katika jina la mahali hapa, ni neno lililotujia. Ninachokataa ni jina moja kutumikia vifaa viwili vyenye kazi tofauti. Walimu wa udereva na wanahabari wangezitenganisha istilahi hizi, mwenye gari angejua cha kusema, na fundi angejua pa kuanzia.

Hadi hapo, ukifika gereji na jina likikupotea, usilibuni. Eleza ulichobonyeza, kilichowaka, na kilichofuata.