Aliyeshindwa Stockholm Akashinda Los Angeles

Watu wengi wakisikia habari za mbio za marathoni hudhani kwamba mkimbiaji hujitayarisha kwa kukimbia barabarani tu, asubuhi na jioni, mpaka miguu izoee. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Wengi wa mabingwa wa mbio hiyo ya kilomita 42 na mita 195 hupata sehemu ya mazoezi yao katika uwanja wa michezo, wakizunguka mita 400 baada ya mita 400, tena si peke yao bali katika mashindano hasa, pamoja na watu walio wepesi kuliko wao. Wengine hushindwa huko, nao hurudi nyumbani na faida. Kusudi jambo hili lieleweke, natwaa habari ya Bwana Carlos Lopes wa Ureno.

Lopes alizaliwa mwaka 1947 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Viseu. Mwaka 1976, katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, alipata nishani ya fedha ya mita 10,000, nyuma ya Lasse Virén wa Finland. Baadaye maumivu ya mguu yalimrudisha nyuma kwa miaka kadhaa, na wengi wakadhani habari zake zimekwisha.

Alipojaribu marathoni, mambo hayakumwendea vema. Mwaka 1982 huko New York alianza asimalize. Mwaka 1983 huko Rotterdam alikuwa wa pili, akipitwa kwa sekunde 2 tu na Robert de Castella wa Australia. Mwaka 1984 alirudi Rotterdam, akatoka njiani tena. Aliyeshinda siku ile alikuwa Mtanzania, Gidamis Shahanga. Basi Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ilipokaribia, Lopes alikuwa na umri wa miaka 37, na katika marathoni tatu alikuwa amemaliza moja. Tena nchi yake ilikuwa haijapata kuchukua nishani ya dhahabu ya Olimpiki hata moja, katika mchezo wo wote.

Mtu mwingine angalirudi barabarani kuongeza kilomita. Lopes akaenda uwanjani. Tarehe 2 Julai, 1984, siku 41 kabla ya marathoni ya Olimpiki, alishindana mita 10,000 mjini Stockholm, Sweden, pamoja na Fernando Mamede, Mreno mwenzake. Wote wawili walifundishwa na Bwana Mário Moniz Pereira. Rekodi ya dunia ya wakati ule ilikuwa ya Henry Rono wa Kenya, aliyeiweka mwaka 1978: dakika 27 na sekunde 22 na kitu. Lopes aliongoza sehemu kubwa ya mbio, akiwaburuta wenzake mzunguko baada ya mzunguko. Mwishoni Mamede akampita, akamaliza kwa dakika 27 na sekunde 13.81. Lopes akafika kwa dakika 27 na sekunde 17.48. Tazameni ajabu hiyo: alikimbia upesi kuliko rekodi ya dunia, wala hakupata rekodi wala ushindi.

Lakini alikuwa amepata kitu kingine, nacho chaonekana tukipiga hesabu kidogo. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Ukigawa muda wake wa Stockholm kwa 25, wapata sekunde 65 na nusu kwa kila mzunguko. Mbio aliyokuja kukimbia Los Angeles ilikuwa sekunde 73 na nusu hivi kwa kila mita 400. Yaani marathoni ile ilimtaka aende polepole zaidi, kwa sekunde 8 kila mzunguko, kuliko mwendo ambao mwili wake ulikuwa umeukubali mwezi mmoja na nusu uliopita.

Binti aliyezoea kuteka maji kwa debe zima, siku akipewa nusu debe huipanda njia ileile bila kutweta. Ndivyo ilivyo na moyo na mapafu ya mkimbiaji. Mwili una akiba ya sukari ndani ya misuli na ini, na kadiri mtu anavyokaribia mwisho wa nguvu zake ndivyo akiba hiyo inavyoliwa haraka. Aliyeinua kipimo chake cha juu uwanjani huwa mbali na mwisho huo anapokwenda mwendo wa marathoni, na akiba yake hukaa zaidi. Katika kilomita za mwisho, hapo wengi wanapoanza kuburuta miguu, yeye bado anacho cha kutumia.

Huenda mtu akauliza, kwa nini asifanye mazoezi hayo peke yake bila gharama ya safari? Jibu ni kwamba mtu akiwa peke yake hujihurumia. Akiwa na watu kumi mbele yake na kengele ya mzunguko wa mwisho inalia, hutoa nguvu ambazo hakujua kuwa anazo. Na kwa nini asijipime kwa marathoni nyingine? Kwa sababu marathoni huiacha miguu na uchovu wa majuma mengi, lakini mita 10,000 mtu aliyezoea husahau uchovu wake baada ya siku chache.

Majuma mawili hivi kabla ya siku yenyewe Lopes aligongwa na motokaa alipokuwa akifanya mazoezi mjini Lisbon. Kwa rehema ya Mungu hakuumia sana.

Tarehe 12 Agosti mbio ilianza jioni, na joto lilikuwa kali. Juma Ikangaa wa Tanzania alishika uongozi kwa muda mrefu, kama ilivyokuwa desturi yake, na Lopes akakaa nyuma bila haraka. Baada ya kilomita 35 walibaki watatu: Lopes, John Treacy wa Ireland na Charlie Spedding wa Uingereza. Hapo yule mtu wa makamo akaondoka. Kati ya kilomita 35 na 40 alitumia dakika 14 na sekunde 33, mwendo ambao vijana wengi hawauwezi hata katika mbio fupi wakiwa hawajachoka. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 21, na mpaka leo hakuna mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyeshinda marathoni ya Olimpiki. Ikangaa alikuwa wa sita. Treacy aliyekuwa wa pili hakuwa amepata kukimbia marathoni maishani mwake. Siku sita tu zilizopita alikuwa amekimbia fainali ya mita 10,000 katika uwanja uleule. Na Mamede, mwenye rekodi mpya ya dunia? Katika fainali hiyo ya mita 10,000 alitoka uwanjani mbio haijaisha.

Mwaka uliofuata Lopes alirudi Rotterdam, mahali alipotoka njiani, akamaliza kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 12. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa amekimbia chini ya saa 2 na dakika 8.

Lakini asidhani mtu kwamba uwanja peke yake watosha. Mo Farah wa Uingereza alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na 10,000 alipoijia marathoni ya London mwaka 2014, akawa wa nane. Debe zito hufundisha nguvu; urefu wa njia hufundishwa na njia yenyewe.

Katika nchi yetu wako waliozijua njia zote mbili. Shahanga niliyemtaja alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na mwaka 1982 akashinda mita 10,000 katika michezo hiyohiyo. Suleiman Nyambui alipata nishani ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 Bibi Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeikimbilia Uholanzi, alipata nishani ya shaba ya mita 5,000, na nyingine ya mita 10,000 usiku wa tarehe 9 Agosti. Asubuhi ya tarehe 11 akaanza marathoni. Aliishinda kwa sekunde 3, akimkimbiza Tigst Assefa mpaka utepe kana kwamba ndiyo kwanza wanaanza.

Nayaandika haya hasa kwa wazazi. Siku hizi mbio za barabarani zenye tuzo za fedha ni nyingi, na kijana wa miaka 16 mwenye pumzi njema husukumwa akimbie nusu marathoni kila mwisho wa juma, kwa kuwa fedha ile yatakiwa nyumbani. Shida ya nyumbani naijua, wala simlaumu mzazi. Hata hivyo sioni vema. Mifupa yake bado inakua, na wepesi asiojifunza sasa atautafuta kwa taabu akiwa mtu mzima. Kiwanja cha shule chatosha: mwalimu achukue kamba ya mita 50, aipime mara nane kuzunguka kiwanja, apige vigingi, na simu ya mkononi itumike kuwa saa. Hapo kijana ashindane na wenzake mita 1,500 na 5,000, ajijue.

Tarehe 15 Septemba, 2025, Alphonce Simbu, askari aliyezaliwa mkoani Singida, aliingia katika uwanja wa Tokyo nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Walikuwa wamekwisha kukimbia kilomita 42. Petros alijirusha kwenye mstari, akaanguka, na picha ikabidi itazamwe kwanza kabla ya kumtaja mshindi. Simbu alikuwa amemtangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde, na Tanzania ikapata nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya ubingwa wa dunia wa riadha.