Kadi Moja Tu Imebaki

Msomaji aliyewahi kukusanya stempu za posta anajua jambo hili: zile za kwanza huja upesi, hata mtu akadhani kazi ni ya miezi miwili tu. Kisha zinaanza kurudi zile zile alizo nazo, na ile anayoitaka haitokei. Huko Marekani wako watu wazima, wenye wake na watoto, ambao wametafuta namna hiyo miaka mingi. Na kitu chenyewe ni kipande cha karatasi ngumu, kidogo kuliko kiganja cha mkono, chenye picha ya mchezaji wa besiboli.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira. Zamani picha za wachezaji zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, zikasaidia pakiti isikunjike, tena zikamvuta mnunuzi arudi dukani. Baadaye zikauzwa pamoja na chingamu, na hapo ndipo watoto walipozishika kwa nguvu. Kadi nyingi zina namba nyuma, basi pengo huonekana mara moja, kama jino lililong'oka.

Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ilitoa seti ya kadi 240. Watoto wakatoa senti zao, wakatafuna chingamu hata mataya yakauma, lakini namba 106 hakuna aliyeipata. Kumbe haikupigwa chapa! Wengi husema ulikuwa ujanja wa kuwafanya watoto waendelee kununua, nami sioni sababu nyingine. Baadhi yao wakaandika barua za kulalamika. Ndipo mwaka 1934 kampuni ikaipiga chapa namba hiyo, picha ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekuwa amestaafu siku nyingi, ikawapelekea kwa posta wale walioandika. Wanyamavu hawakupata kitu. Kadi nyingine bado zina alama ya kibanio kilichozishika pamoja na barua.

Kampuni ya Topps haikuficha kitu, lakini mwaka 1952 ilichelewa. Fungu la mwisho la seti yake, kadi 97 katika jumla ya 407, lilifika madukani msimu wa mchezo ukiisha, na wenye maduka hawakulitaka. Sanduku nyingi zikabaki ghalani. Sy Berger, mtu wa kampuni hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1960 zilipakiwa katika tishari zikatupwa baharini. Katika fungu hilo ilikuwamo namba 311, kadi ya Mickey Mantle. Moja ya namna hiyo iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6.

Lakini inayojulikana kuliko zote ni ya Honus Wagner wa Pittsburgh, aliyefanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe alipokuwa kijana. Imo katika seti ya sigara ya miaka 1909 hadi 1911, yenye kadi zaidi ya 500. Wagner alikataa picha yake itumike, na uchapaji ukakoma. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbako kwa ajili yake. Wengine husema hakulipwa. Yeye mwenyewe alitafuna tumbako. Zilizobaki ni kama 60 tu, kwa hiyo wakusanyaji wengi huihesabu seti yao kuwa imetimia bila yeye. Mahali palipo na bei kama hizo mkasi nao haukosi: mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja wa mnada alikiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo kadi moja ya Wagner ili ionekane safi zaidi.

Mwaka 2010 kadi ya Wagner iliwafikia Masista wa Shule wa Notre Dame huko Baltimore. Ndugu wa sista mmoja aliyekwisha kufariki aliwaachia mali yake, na ndani yake imo kadi hiyo, aliyokuwa nayo tangu mwaka 1936. Ilikuwa na mikunjo, kingo zake zimekatwa. Hata hivyo ilinunuliwa kwa zaidi ya dola 200,000, na fedha zikaenda katika kazi za masista kwa maskini.

Jefferson Burdick hakutaka kuuza. Ndiye aliyeorodhesha kadi za Marekani na kuzipa seti alama zinazotumika hata leo. Alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vimekakamaa, naye akaahidi kulipa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kadi zake zote, zaidi ya 300,000. Alizibandika mwenyewe katika vitabu, mwaka baada ya mwaka. Akamaliza Januari 1963, akafariki Machi mwaka huo huo. Wagner yumo.