Chuo Kikuu Huanzia Gredi ya 10

Zamani mzazi wa Kenya aliweza kuliweka kando suala la chuo kikuu hadi mwanawe alipomaliza kidato cha nne. Mtoto alisoma masomo saba au manane, akafanya mtihani wa KCSE, na swali la "utasomea nini?" likaja baada ya matokeo. Leo swali hilo humkuta mtoto akiwa na miaka 14 au 15, angali Gredi ya 9, na jibu lake huandikwa katika fomu hata kabla mtihani haujafanywa. Makala haya yamekusudiwa familia zenye watoto walio karibu na fomu hiyo, hasa ndugu zetu wa Kitui na Mwingi, na wale wa Kibwezi, Makindu na Mtito Andei katika kaunti ya Makueni. Wazazi wa Pwani wanaopeleka watoto wao katika shule za bweni za Ukambani nao yanawahusu.

Kidato cha sita kilikwenda wapi?

Ili kuelewa uzito wa fomu hiyo, inafaa turudi nyuma kidogo. Kabla ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa Kenya alisoma miaka 7 ya msingi na miaka 4 ya sekondari. Kisha wachache waliofaulu vizuri waliendelea na kidato cha tano na cha sita kwa miaka 2, ndipo wakaingia chuo kikuu kwa miaka 3. Vidato hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa ngazi kati ya shule na chuo. Mwanafunzi aliacha masomo mengi akabaki na machache, akayasoma kwa kina.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ngazi hiyo iliondolewa. Mwaka 1989 wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa KCSE walifanya mitihani yao, na vyuo vikuu vikalazimika kupokea makundi mawili. Digrii nazo zikarefushwa kutoka miaka 3 hadi miaka 4. Yaani kidato cha sita hakikufa. Sehemu yake ilihamia chuoni.

Majirani zetu hawakufanya hivyo. Tanzania na Uganda bado zina kidato cha tano na cha sita. Mwenye jamaa Tanga au Unguja amewahi kumsikia mtoto akisema "ninasoma PCB", akimaanisha fizikia, kemia na biolojia. Mtoto huyo ameshachagua upande wake kabla hajaingia chuo, na digrii nyingi za huko huchukua miaka 3.

Sasa Kenya imefuata njia inayofanana na hiyo. Muundo mpya wa 2-6-3-3-3 una miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi, 3 ya sekondari pevu, na angalau 3 ya chuo. Uteuzi wa masomo machache umerudishwa shuleni. Ndiyo sababu tunasema chuo kikuu huanzia Gredi ya 10: uteuzi uliokuwa ukifanywa na kijana wa miaka 18 sasa unafanywa na mtoto wa miaka 15.

Mikondo mitatu na masomo yake

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026. Alama zao za kupangiwa shule zilitokana na sehemu tatu: mtihani wa Gredi ya 6 ulibeba asilimia 20, tathmini za shuleni za sekondari msingi asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9 asilimia 60. Mzazi aone hapo kwamba kazi za Gredi ya 7 na ya 8 si za kupuuzwa. Zinahesabiwa.

Mikondo ni mitatu. Wa kwanza ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili ni Sayansi za Jamii, wenye lugha, historia, jiografia, biashara na masomo ya dini. Wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, hisabati, na somo la huduma kwa jamii, kisha huongeza masomo matatu ya mkondo wake. Tangu uamuzi uliotangazwa mwaka 2025, hisabati ni ya lazima kwa wote, lakini ziko mbili: nzito zaidi kwa wanafunzi wa STEM, na nyingine nyepesi, ya matumizi ya kila siku, kwa mikondo iliyobaki. Mzazi ajue mtoto wake anasoma ipi, kwa kuwa hazifungui milango sawa.

Katika orodha ya masomo yamo pia yale ya kiwango cha juu, kama Kiswahili Kipevu na Fasihi ya Kiswahili, kwa mwenye nia ya ualimu, uandishi, ukalimani au sheria. Yapo Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Orodha ya taifa, hata hivyo, ni ndefu kuliko orodha ya shule yoyote moja, na hapo ndipo taabu ya familia nyingi inapoanza.

Orodha ya taifa na orodha ya shule

Shule za sekondari pevu zimegawanywa katika makundi manne, kuanzia C1, zilizokuwa za kitaifa, hadi C4, zilizokuwa za kaunti ndogo. Shule kubwa hutoa mikondo yote mitatu. Nyingine hutoa miwili, na STEM imewekwa kuwa ya lazima kwa shule zote. Katika kaunti kama Kitui, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na vijiji vilivyotawanyika, shule iliyo karibu huenda ikawa ya kutwa, yenye mikondo miwili na walimu wachache wa sayansi.

Tuchukue mfano wa binti wa Kibwezi anayetaka kuwa muuguzi. Shule ya karibu ina STEM na Sayansi za Jamii. Nyumbani anaambiwa sayansi ni ngumu, ni za wavulana, na kwamba Sayansi za Jamii zitamwachia nafasi ya somo la dini. Anajaza hivyo. Miaka mitatu baadaye anatafuta nafasi ya uuguzi, kozi ambayo hudai biolojia, naye hana biolojia. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina tawi Makindu, mji jirani katika barabara ileile ya Mombasa. Umbali haukumzuia, wala karo. Alizuiwa na mstari mmoja wa fomu aliyoijaza akiwa na miaka 15.

Upo na mtego wa pili ulio kinyume na huo. Mzazi anasikia "shule ina STEM" na moyo unatulia. Lakini STEM ni jina la mkondo tu. Ndani yake mna michanganyiko mingi. Shule inaweza kuwa na kilimo na biolojia isiwe na fizikia. Inaweza kuwa na kompyuta katika karatasi na isiwe na chumba cha kompyuta. Swali la mzazi lisiwe "mnayo STEM?" bali "mtoto wangu atasoma masomo gani matatu, na walimu wake wapo?"

Dini na sayansi nyumbani mwetu

Katika nyumba nyingi za Kiislamu jambo hili huzua mjadala wa kweli. Michanganyiko mingi ya sayansi haina nafasi ya Elimu ya Dini ya Kiislamu kama somo la mtihani, na wazazi wengine huogopa kwamba kuchagua sayansi ni kuiacha dini. Hofu hiyo ina msingi, na haifai kudharauliwa. Lakini tukumbuke kwamba watoto wetu wengi hawakujifunza Kurani darasani shuleni. Waliisoma chuoni kwa mwalimu wa mtaa, jioni na Jumamosi. Familia inayochagua sayansi iamue pia, siku hiyohiyo, mtoto ataendelea na masomo ya dini wapi na lini. Anayelala bweni apangiwe darasa la likizo. Anayetamani kuwa mwalimu wa dini au kadhi naye achukue Kiarabu na Elimu ya Dini kwa fahari, kwa kuwa mkondo wa Sayansi za Jamii si jalala la walioshindwa sayansi.

Kwa bweni kuna neno la ziada. Shule nyingi za Ukambani zilianzishwa na makanisa, na hadi leo makanisa ndiyo wafadhili wake. Nyingi zimewalea watoto wa Kiislamu kwa heshima. Hata hivyo, mzazi aulize mapema, kwa adabu na ana kwa ana, kuhusu swala, funga ya Ramadhani, chakula na hijabu. Mambo haya huzungumzika kwa urahisi kabla ya kuripoti kuliko baada ya ugomvi.

Ngazi ya pili kwa aliyekosa ya kwanza

Je, aliyekosea mkondo, au asiyepata alama, amepotea? Hapana. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu ya Kenya, KNQA, ambayo kazi yake ni kuzipanga sifa zote katika ngazi moja, kuanzia cheti cha ufundi, stashahada, digrii, hadi uzamivu. Maana yake kwa familia ni kwamba mtu anaweza kupanda kidogo kidogo. Kijana huanza na cheti cha ufundi, akaenda stashahada, kisha akaomba digrii, na vyuo vikuu vingi humhesabia sehemu ya masomo ya stashahada ili asiyarudie yote.

Katika kaunti hizi mbili ngazi hiyo ipo karibu. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichopata hati yake mwaka 2013, kipo Kwa Vonza, Kitui. KMTC ina matawi Kitui, Makueni na Makindu. Wote ina taasisi ya mafunzo ya kiufundi. Mzazi asione haya kumpeleka mtoto huko kwanza. Lakini kabla ya kulipa senti yoyote, aulize chuo kikuu anachokilenga: je, stashahada hii mnaitambua, na ni masomo mangapi mtayahesabu? Jibu lipatikane kwa maandishi.

Tahadhari hiyohiyo inahusu kozi za kigeni. Jamaa zetu wa Marekani hutusimulia kuhusu AP, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari chini ya taasisi ya College Board. Mitihani yake hupewa alama 1 hadi 5, na vyuo vingi vya huko humhesabia masomo mwenye 3 na zaidi. Hapa nyumbani zipo shule za binafsi zinazofundisha mitaala ya kimataifa. Aga Khan Academy ya Mombasa, kwa mfano, hufundisha diploma ya International Baccalaureate. Ni njia nzuri kwa mwenye uwezo. Lakini shule za umma za Kitui na Makueni hufuata mtaala wa taifa, na mtoto wa hapo hajanyimwa chuo kwa kukosa kozi hizo. Anayekuja mlangoni kukuuzia "masomo ya ng'ambo yanayotambulika popote" mwombe akutajie chuo kinachoyatambua, kisha kiulize chuo chenyewe.

Maswali ya kwenda nayo shuleni

Kuuliza si ujinga. Mama anayekwenda kuonana na mwalimu aende na maswali haya yameandikwa katika karatasi:

1. Shule hii inafundisha mikondo gani, na katika kila mkondo ni michanganyiko gani ya masomo matatu?
2. Mwalimu wa kila somo yupo sasa, au anasubiriwa? Maabara inafanya kazi?
3. Mtoto wangu atasoma hisabati ipi kati ya zile mbili?
4. Kazi anayoitaka hudai masomo gani chuoni, na yote yamo katika mchanganyiko huu?
5. Akiona amekosea, anaweza kubadili hadi lini, na kwa utaratibu gani?
6. Karo, sare na nauli kwa mwaka mzima ni kiasi gani, na basari za kaunti na za eneobunge huombwa mwezi gani?

Yupo na wa saba wa kuulizwa, naye ndiye husahaulika: mtoto mwenyewe. Katika familia zetu binti huulizwa radhi yake kabla ya posa kujibiwa. Fomu ya Gredi ya 10 nayo itakaa naye miaka mingi. Baba, mama na mwalimu watoe shauri lao kwa uwazi, kisha wamsikilize anayekwenda kusoma. Wala tusiridhike na neno moja, "daktari" au "rubani". Tumuulize ni somo gani analolifanya bila kusukumwa, na ni lipi linalomtoa jasho lakini bado analipenda.

Kundi la mwisho la KCSE litafanya mtihani mwaka 2027, na wa kwanza wa Gredi ya 12 watamaliza mwaka 2028. Hadi wakati huo, nyumba nyingi zitakuwa na kaka aliye katika mfumo wa kale na mdogo wake aliye katika mpya, na ushauri uliomfaa wa kwanza hautamtosha wa pili. Kwa hiyo fomu inapoletwa nyumbani, isijazwe usiku mmoja kwa mwanga wa simu ili irudishwe asubuhi. Ikae mezani wiki nzima, isomwe na kila mmoja, na itiwe saini wakati mtoto anaweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini amechagua alichochagua.