Wakala Anayeichunga Seva: Usanidi Wake na Lugha ya Taarifa Zake

Utangulizi

Mji wa Eldoret una historia yake katika matumizi ya kompyuta hospitalini. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa mji huo, palianzishwa mfumo wa kielektroniki wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa, tunda la ushirikiano baina ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mpango wa AMPATH wa kuwatibu walioambukizwa virusi vya UKIMWI ulipopanuka, ilihitajika hifadhidata iliyo imara zaidi. Wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, wakiwemo Paul Biondich na Burke Mamlin, walianza mnamo 2004 kubuni mfumo ulioitwa OpenMRS, na Eldoret ikawa mahali pa kwanza ulipotumika, mwaka 2006. OpenMRS hutolewa bila malipo, na kwa hiyo hata zahanati ndogo inaweza kuuweka katika kompyuta yake.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Hospitali kubwa huwa na mafundi wa zamu. Zahanati ndogo haina. Mathalan, ichukuliwe kuwa katika mtaa wa West Indies, Eldoret, kuna zahanati yenye seva moja, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine za hapo, na kwamba fundi wa seva hiyo hufika mara moja kwa juma. Diski ikijaa usiku wa Jumamosi, habari zitajulikana Jumatatu asubuhi, foleni ikiwa tayari imefika nje ya lango. Zahanati hii ni ya kubuni, lakini yeyote aliyewahi kuambiwa dirishani kwamba "mitambo imekwama, njoo kesho" anaifahamu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu iitwayo wakala wa uangalizi inavyosanidiwa, yaani inavyoandikiwa maagizo yake, ili seva ya aina hiyo isiugue kimyakimya. Kielelezo kilichoteuliwa ni Zabbix, mradi ulioasisiwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Nao ni wa bure. Programu nyingine za jamii hiyo, kama vile Nagios, zina majina tofauti ya mambo yaleyale.

Wakala ni nani, au ni nini?

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili ya shina moja: wakili na wakala. Katika Kiarabu neno la kwanza humtaja mtu anayemwakilisha mwingine, na la pili huitaja kazi ya uwakilishi yenyewe. Kiswahili kikayagawa upya: wakili akapelekwa mahakamani, naye wakala akabaki sokoni na bandarini. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwaka 2007, hakuna mtaa usiokuwa na wakala, na maana ya neno imekaa vizuri akilini mwa watu: ni yule aliye karibu nawe anayefanya kazi kwa niaba ya mkubwa aliye mbali.

Maana hiyo inaifaa programu inayojadiliwa hapa. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya seva, ikipima hali yake na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine ambayo katika makala haya itaitwa kituo cha uangalizi. Swali la upatanisho wa kisarufi halikwepeki: je, ni "wakala huyu" au "wakala hii"? Kifaru wa mwituni hupatanishwa kama kiumbe, ilhali kifaru cha vita hurejeshwa katika ngeli ya KI-VI. Kwa mantiki hiyo wakala wa kompyuta angestahili "hii". Hata hivyo mazoea ya wasemaji huelekea kumpa uhai, na makala haya yanayafuata, maadam programu hii huulizwa, hujibu, na pengine hunyamaza.

Nani aulize, nani ajibu

Maagizo ya wakala huandikwa katika faili moja la matini ya kawaida, lenye jina zabbix_agentd.conf. Faili hilo ni refu, lakini sehemu kubwa ni maelezo tu. Mistari inayoamua mambo haizidi vidole vya mkono mmoja.

Mstari wa kwanza ni "Server". Hapa huandikwa anwani ya kituo kinachoruhusiwa kumwuliza wakala maswali. Kituo hubisha kwenye lango namba 10050, wakala hujibu, mazungumzo huisha. Anayebisha kutoka anwani nyingine hajibiwi. Utaratibu huu huitwa wa kungoja, nao unafaa pale ambapo kituo na seva vimo katika mtandao mmoja.

Zahanati ya West Indies haimo katika hali hiyo. Seva yake imejificha nyuma ya modemu, na modemu haina anwani ya kudumu inayoweza kufikiwa kutoka nje. Kwa hiyo ni lazima wakala mwenyewe aanze safari. Hapo hutumika mstari wa "ServerActive", unaotaja kituo ambacho wakala atakipelekea habari kupitia lango namba 10051. Wengi hujaza mstari wa kwanza, wakausahau huu wa pili, kisha wakashangaa mbona hakuna kinachofika.

Mstari wa tatu ndio unaosumbua kuliko yote, ingawa unaonekana rahisi: "Hostname", yaani jina la seva. Jina hili sharti lilingane herufi kwa herufi na lile lililosajiliwa kituoni. Zahanati-WI na zahanati-wi ni majina mawili tofauti kabisa machoni pa mashine. Wakala akijitambulisha kwa jina lisilosajiliwa, hukanwa, na sababu ya kukanwa huandikwa katika daftari lake la matukio ambalo, kwa bahati mbaya, watu hulifungua mwisho baada ya kujaribu kila kitu kingine.

Yapo mambo mawili ya usalama. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016, mazungumzo ya wakala na kituo yanaweza kufumbwa kwa ufunguo wa siri unaojulikana na pande zote mbili. Zahanati inayotumia intaneti ya umma haina udhuru wa kuliacha hilo. Pili, wakala anaweza kuruhusiwa kutekeleza amri anazotumiwa kutoka kituoni. Ruhusa hiyo hufungwa tangu mwanzo, na ni bora ibaki imefungwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Wakala anahitaji kujua kama hifadhidata inaitika. Hahitaji kujua ni nani aliyelazwa.

Nini kipimwe

Kishawishi cha msanidi mpya ni kupima kila kitu. Matokeo yake ni jumbe mia kwa siku, na baada ya juma moja hakuna anayezisoma. Kwa seva ya zahanati, vipimo vichache vyatosha: nafasi iliyobaki diskini, kumbukumbu iliyopo, mwitiko wa hifadhidata, na umri wa nakala ya akiba ya mwisho. Hiki cha mwisho hakimo katika orodha ya kawaida. Huongezwa kwa mstari wa "UserParameter", unaomfundisha wakala swali jipya na amri ya kulipatia jibu. Ni kazi ya dakika kumi, na pengine ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa diski iliyoharibika hununuliwa nyingine, bali rekodi zisizokuwa na nakala haziuzwi dukani.

Kuhusu kumbukumbu pana mtego. Mfumo wa Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, hivyo kumbukumbu iliyo "tupu" huonekana kidogo hata seva ikiwa na afya njema. Kinachostahili kupimwa ni ile "inayopatikana", yaani tupu pamoja na ile inayoweza kurudishwa mara moja ikihitajika. Tofauti ya kivumishi kimoja huamua kama fundi ataamshwa bure.

Kimya

Seva inapozimika, wakala wake huzimika nayo. Hawezi kutuma ujumbe kwamba amekufa. Kwa hiyo kituo chenyewe huagizwa kuhesabu kimya: ikipita muda fulani, tuseme dakika 10, bila neno lolote kutoka West Indies, tahadhari itolewe. Muda ukiwa mfupi mno, kila intaneti inapopepesuka simu italia. Ukiwa mrefu mno, asubuhi itaingia.

Aidha, kituo kisikae chumba kimoja na seva wala kutegemea waya mmoja wa umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Katika usiku kama huo kituo kilichomo nchini bila jenereta hunyamaza pamoja na seva zake zote. Intaneti ikikatika huku umeme upo, hali ni nyingine: wakala anaendelea kupima lakini hana pa kupeleka. Wakala wa kizazi cha pili, aliyetolewa rasmi mwaka 2020 pamoja na toleo la 5.0, anaweza kuagizwa aweke vipimo hivyo diskini na kuvituma njia ikifunguka.

Maneno ya tahadhari

Hadi hapa kazi imekuwa ya fundi. Iliyobaki ni ya mwanafunzi wa Kiswahili. Zabbix humruhusu msanidi kuandika mwenyewe maneno ya ujumbe utakaotumwa kwenye simu, na katika zahanati ndogo mpokeaji wa usiku huenda akawa mlinzi au muuguzi wa zamu, wala si mhandisi.

Ujumbe wa "Seva imezimika" hautoshi, na mara nyingi si kweli. Kituo hakijui kama seva imezimika. Kinajua tu kwamba hakijaisikia. "Seva haijasikika kwa dakika 10. Tazama kama taa ya modemu inawaka" ni ujumbe unaosema kile kinachojulikana na kumpa mpokeaji kitendo anachokiweza. Hali ya -ja- hapa inafanya kazi ambayo -me- haiwezi kuifanya: inaliacha jambo wazi.

Tatizo gumu zaidi ni la saa. Mashine huandika wakati kwa mtindo wa saa 24. Ujumbe ukisema "tangu saa 02:00", fundi atasoma saa nane za usiku, naye mlinzi aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili atasoma saa mbili, na asijue kama ni ya asubuhi au ya jioni. Wawili hao wakisimuliana kwa simu, watatafuta kosa katika nyakati mbili zilizoachana kwa saa sita. Njia salama ni kuacha kutaja saa na kutaja muda uliopita, kama ilivyofanywa katika ujumbe wa hapo juu, kwa kuwa dakika 10 ni dakika 10 kwa hesabu zote mbili.