Uchovu wa Mgonjwa wa Limfoma: Huenda Si Saratani Pekee

Mgonjwa wa saratani ya limfoma anapolalamikia uchovu, kukosa hamu ya chakula na kupungua uzani, jamaa wengi hudhani ni saratani yenyewe au dawa za tibakemikali. Mara nyingi huwa hivyo. Hata hivyo, wakati mwingine chanzo ni tezi za adrenali kushindwa kufanya kazi. Hali hii inatibika, lakini ikipuuzwa inaweza kuua.

Tezi hizi ni mbili, moja juu ya kila figo. Hutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili maradhi na majeraha, na aldosteroni, inayodhibiti chumvi na presha ya damu.

Limfoma inaweza kuenea hadi kwenye tezi zote mbili na kuziharibu, ingawa si jambo la kawaida. Njia nyingine ni dawa. Matibabu mengi ya limfoma huwa na prednisoloni, ambayo hufanya kazi kama kotisoli. Mwili ukiizoea, tezi hulegea. Mgonjwa akiiacha ghafla, huenda zisirejee kazini kwa wakati.

Dalili za kuangalia

- Kizunguzungu anaposimama
- Kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo
- Presha na sukari ya damu kushuka
- Hamu kubwa ya chumvi, au viganja na fizi kuwa nyeusi zaidi, hasa tezi zenyewe zinapoharibika

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachochukuliwa asubuhi mwendo wa saa mbili, wakati kotisoli huwa juu. Anayepatikana na upungufu hupewa vidonge vya haidrokotisoni kila siku. Wengine huongezewa fludrokotisoni.

Wagonjwa na wanaowauguza wanashauriwa:

- Wasiache prednisoloni wala haidrokotisoni bila idhini ya daktari.
- Wamuulize daktari mapema jinsi ya kuongeza dozi mgonjwa anapopata homa au kabla ya upasuaji.
- Wabebe kadi au barua inayoonyesha kuwa mgonjwa anatumia steroidi.
- Mgonjwa akitapika vidonge, akilegea sana au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitalini mara moja. Huenda akahitaji sindano ya haidrokotisoni na maji ya mshipani bila kungojea majibu ya maabara.

Kumwambia mhudumu, "Huyu ana limfoma na amekuwa akitumia steroidi," kunaweza kuokoa maisha.