Kompyuta za zamani za nyumbani: kila moja ina siku yake ya mwisho

Umeme unakatika, unarudi, mashine inawaka. Pembeni ya kioo, tarehe imerudi nyuma miaka kumi au zaidi. Intaneti inakataa kufungua kurasa, ikisema kwamba cheti cha usalama si halali. Barua iliyoandikwa leo inahifadhiwa kwa tarehe ambayo mtoto wa nyumba hiyo alikuwa hajazaliwa.

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu au Bunia walionunua kompyuta ya mtumba, au ordinatere kama wengi wanavyoiita, wanaijua hali hiyo. Mara nyingi chanzo chake ni kitu kidogo: betri bapa, ya mviringo kama sarafu, ambayo imekufa ndani ya mashine. Ikibadilishwa na tarehe ikapangwa upya, kazi inaendelea.

Lakini nyuma ya usumbufu huo kuna swali ambalo wachache wanajiuliza: mashine inajuaje kwamba leo ni siku gani? Jibu ni kwamba haijui. Inahesabu tu, kuanzia siku ambayo mtu fulani aliichagua, na ndani ya nafasi ambayo mtu huyo aliipima. Nafasi ikijaa, hesabu inaanza upya. Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi katika kompyuta za kwanza za nyumbani, zile zilizouzwa Marekani na Ulaya kati ya mwaka 1977 na mwanzo wa miaka ya 1990.

Mashine zisizo na kalenda

Kompyuta nyingi za kwanza hazikuwa na kalenda kabisa. Apple II, iliyotoka Marekani mwaka 1977, ilikuwa haina hata saa. ZX Spectrum, iliyotengenezwa na kampuni ya Sinclair ya Uingereza mwaka 1982, ilikuwa na kihesabio kimoja tu, kilichoongeza moja kila mara picha ya televisheni ilipochorwa upya, yaani mara 50 kwa sekunde. Kihesabio hicho kilipewa baiti tatu za kumbukumbu. Baada ya siku tatu na saa 21 hivi, kilijaa na kurudi kwenye sifuri.

Commodore 64, ambayo nayo ilitoka mwaka 1982, ilikuwa na saa ya kweli ndani ya chipu zake. Saa hiyo ilihesabu masaa, dakika, sekunde na hata sehemu ya kumi ya sekunde. Ilitofautisha pia asubuhi na jioni. Lakini haikuwa na siku, haikuwa na mwezi, haikuwa na mwaka. Na ilipozimwa, ilisahau kila kitu. Mwenye kuandika programu kwa lugha ya BASIC aliweza kuiuliza mashine ni saa ngapi. Ikiwa imewashwa wakati huohuo, ilijibu kwa sifuri sita.

Usiku wa kuamkia mwaka 2000, wakati serikali na mabenki ya dunia yalikuwa macho, mashine hizo hazikuwa na lolote la kuogopa. Asiyehesabu miaka hawezi kukosea mwaka.

Nafasi ilikuwa ghali

Tatizo lilianza pale kompyuta za nyumbani zilipoanza kufanya kazi za buro: barua, hesabu za duka, orodha za wateja. Kazi hizo zilihifadhiwa kwenye diski, na mwenye diski alitaka kujua ni faili gani ya jana na ni ipi ya mwezi uliopita. Tarehe ikawa ya lazima.

Shida ilikuwa nafasi. ZX Spectrum ya bei ya chini ilikuwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu, na Commodore 64 ilikuwa na 64. Picha moja inayopigwa na simu ya leo haiwezi kuingia humo. Kila aliyeandika programu alibana kama mama anayepanga vyombo vya nyumba nzima katika chumba kimoja. Kuandika mwaka kwa tarakimu mbili, 85 badala ya 1985, kulionekana kuwa akili, si uzembe.

Wengine walibana zaidi. Kumbukumbu ya kompyuta imejengwa kwa biti, yaani swichi ndogo sana yenye hali mbili tu: sifuri au moja. Swichi tatu zinatoa mipangilio minane. Swichi saba zinatoa mipangilio 128. Hakuna njia ya kupata zaidi bila kuongeza swichi.

Katika LDOS, mfumo uliotumika kwenye kompyuta za TRS-80 za kampuni ya Tandy ya Marekani, mwaka ulipewa swichi tatu tu, kuanzia 1980. Minane ikaisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1987. Wenye mashine hizo walikutana na mwisho wa miaka yao mapema kuliko dunia nzima, na toleo jipya la mfumo likatolewa ili kusogeza mpaka huo hadi mwisho wa 1999.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981, mfumo wa DOS ulimuuliza mtumiaji tarehe kila alipowasha mashine. Aliyechoka akabonyeza tu bila kujibu aliachiwa tarehe mosi mwezi wa kwanza mwaka 1980. Ndiyo maana diski nyingi za miaka hiyo zimejaa faili ambazo, ukiziamini, zote ziliandikwa siku moja.

DOS ilizipa tarehe za faili swichi 16: tano kwa siku, nne kwa mwezi, saba kwa mwaka. Kwa kuwa inaanza kuhesabu 1980, saba hizo zinafika mwaka 2107. Mpangilio huo haujafa. Flash disk nyingi na kadi za kumbukumbu zinazouzwa sokoni leo bado zinaandika tarehe za faili kwa njia hiyohiyo.

Mfumo wa ProDOS wa Apple II nao ulitumia swichi saba kwa mwaka, lakini programu zake ziliandika tarakimu mbili tu. Ilibidi Apple iweke kanuni: namba kuanzia 40 hadi 99 ni za miaka ya 1940 hadi 1999, na kuanzia 0 hadi 39 ni za 2000 hadi 2039. Mashine haikubadilika, ni watu waliokubaliana namna ya kuisoma. Mpaka ukawa umesogezwa, haukuondolewa.

Kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Kadi moja ya saa iliyopendwa na wenye Apple II, iliyoitwa Thunderclock, ilijua mwezi, tarehe na siku ya juma, lakini haikujua mwaka. Mfumo ulilazimika kukisia: ikiwa tarehe 3 mwezi wa tano ni Jumanne, basi mwaka lazima uwe fulani. Orodha ya kukisia ilitosha miaka michache tu, kisha ilibidi kubadilishwa.

Usiku ule wa mwaka 2000

Mwaka 1984 IBM ilitoa PC AT, yenye chipu ya saa ya Motorola na betri iliyoiweka hai hata umeme ukikatika. Hapo ndipo babu wa ile betri bapa ya leo alipozaliwa. Chipu hiyo ilihesabu sekunde, dakika, saa, siku, mwezi na mwaka. Lakini mwaka ulikuwa wa tarakimu mbili. Namba ya karne, 19, iliandikwa mahali pengine katika kumbukumbu iliyolindwa na betri, na chipu haikuwa na kazi ya kuigusa.

Ilipofika saa sita usiku, 99 ikawa 00. Ile 19 ikabaki palepale. Mashine ikasoma 1900. DOS, ambayo haijui mwaka wowote kabla ya 1980, ilichanganyikiwa, na kompyuta nyingi za aina hiyo zikaandika tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka 1980. Dawa kwa nyingi ilikuwa rahisi: kuandika tarehe sahihi kwa mkono mara moja, na namba ya karne ikageuka kuwa 20.

Macintosh ya Apple, iliyotoka mwaka huohuo wa 1984, haikuwa na shida hiyo. Yenyewe ilihesabu sekunde, si miaka, kuanzia tarehe mosi mwezi wa kwanza mwaka 1904. Uchaguzi wa 1904 ulikuwa na sababu. Mwaka mrefu, wenye siku 366, unakuja kila baada ya miaka minne, lakini mwaka unaofunga karne hauwi mrefu isipokuwa unagawanyika kwa 400. Mwaka 1900 haukuwa mrefu, 2000 ulikuwa, 2100 hautakuwa. Ukianzia 1904, kanuni ya miaka minne inatosha mpaka 2100, bila hesabu ya ziada.

Amiga ya Commodore, ya mwaka 1985, ilihesabu siku kuanzia mwanzo wa 1978, na ndani yake mwaka 2000 ulikuwa siku kama nyingine. Kosa lilitokea pale tu programu ilipobandika 19 mbele ya tarakimu mbili ili binadamu asome.

Kosa hilo la kubandika liliwapata hata wakubwa. Tovuti ya kituo cha jeshi la majini la Marekani kinacholinda saa rasmi ya nchi hiyo ilionyesha mwaka 19100: programu ilihesabu miaka 100 tangu 1900, kisha ikaweka 19 mbele. Katika jimbo la New York, mteja aliyerudisha kanda ya video aliambiwa na kompyuta ya duka kwamba amechelewa miaka 100 na anadaiwa zaidi ya dola elfu 91. Watu walicheka.

Katika mji wa Sheffield, Uingereza, hawakucheka. Programu ya maabara ya hospitali ilikosea umri wa wanawake wajawazito, na zaidi ya 150 kati yao walipewa majibu yasiyo sahihi kuhusu hatari ya mtoto kuzaliwa na ulemavu unaoitwa Down. Kosa liligunduliwa baada ya miezi kadhaa. Hakuna taa iliyozimika, hakuna mashine iliyosimama. Namba zilitoka kwenye karatasi zikiwa safi, na watu wakaziamini.

Kurudisha saa nyuma miaka 28

Wanaotunza kompyuta za zamani, kwa kupenda au kwa kazi, wana ujanja wao. Kalenda inajirudia kila baada ya miaka 28: siku za juma zinaangukia tarehe zilezile, na miaka mirefu inafuatana vilevile. Mashine isiyojua miaka ya 2000 inaweza kuambiwa kwamba 2026 ni 1998. Siku ya Ijumaa itabaki Ijumaa. Mwaka ni wa uongo, lakini kazi inaendelea. Ujanja huo utavunjika mwaka 2100, kwa sababu mwaka huo hautakuwa mrefu.

Kuna siku nyingine za mwisho zilizo karibu zaidi. Namba kubwa kuliko zote ambayo Macintosh za kwanza zinaweza kuhesabu itajaa tarehe 6 mwezi wa pili mwaka 2040, saa kumi na mbili na dakika 28 asubuhi kwa saa ya mashine yenyewe. Sekunde inayofuata, zitarudi 1904.

Kabla ya hapo kuna ile inayowahusu wengi zaidi. Mifumo ya familia ya Unix, ambayo ndiyo msingi wa Linux na wa Android katika simu, inahesabu sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970. Pale hesabu hiyo imewekwa katika biti 32, itajaa Jumanne tarehe 19 mwezi wa kwanza mwaka 2038. Mashariki mwa Kongo itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Mashine isiyorekebishwa itaruka hadi mwezi wa kumi na mbili mwaka 1901. Simu na kompyuta mpya tayari zinatumia biti 64, na kwao tatizo hilo liko mbali kuliko umri wa jua. Lakini vifaa vya zamani, na vile vidogo vilivyofichwa ndani ya mashine nyingine, ndivyo vinavyodumu katika nchi ambako kitu hakitupwi mpaka kife kabisa.

Somo la kompyuta hizo si kwamba waliozitengeneza walikuwa wajinga. Walijua nafasi waliyokuwa nayo, na wengi hawakufikiri kwamba kazi yao ingetumika miaka ishirini baadaye. Ilitumika. Na tarehe isiyo sahihi haipigi kelele: inakaa kimya kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye risiti, kwenye faili la mgonjwa, mpaka siku mtu atakapoihitaji kama ushahidi.

Kwa hiyo, kwenye duka la fotokopi au kwenye buro ya shule, kabla ya kuchapisha karatasi yenye mhuri, inafaa kutupa jicho pembeni ya kioo. Ikiwa mashine inasema ni 2009, haidanganyi kwa makusudi. Imepoteza betri yake, na inamngoja mtu aje kuiambia leo ni siku gani.